Utetezi wa Mchora Mabango

Imekuwa desturi, kila inapotajwa sanaa ya pop iliyozuka Uingereza na Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, watu wa elimu kuikunjia uso na kuipitishia hukumu iliyokwisha kuandikwa zamani: kwamba ni sanaa ya wachuuzi, iliyookota picha za sabuni, soda na magari katika kurasa za matangazo, ikazikuza, ikazitia fremu, ikawauzia matajiri waliokuwa tayari wakizipenda bidhaa zizo hizo. Aliyesoma sana huitamka hukumu hii kwa maneno ya falsafa, na asiyesoma huitamka kwa kusema tu kwamba hata mtoto angeweza. Lakini muradi wao ni mmoja. Nimeisikia mara nyingi ikikaririwa miongoni mwetu na watu ambao katika mambo mengine wana insafu kubwa, nami siwezi kuendelea kuinyamazia. Sitaitetea sanaa ya pop yote, kwa sababu imebeba mema na maovu kwa pamoja, na wapo wachoraji wake ambao hukumu ile huwaelekea. Nitamtetea mtu mmoja, James Rosenquist wa Marekani, kwa kuwa yeye ndiye aliyedhulumiwa zaidi, na kwa kuwa aibu anayotwishwa, yaani kwamba alikuwa kibarua wa kuchora mabango ya matangazo kabla ya kuitwa msanii, naiona kuwa ndiyo asili ya ubora wake.

Haki yataka hoja za wapinzani zisemwe kwa nguvu zake zote kabla ya kujibiwa, na hoja hizi ni za zamani kuliko picha wanazozilaumu. Mwaka 1939 mhakiki Clement Greenberg wa New York aliandika makala mashuhuri ambamo aliitenga sanaa ya kweli, ile inayojichunguza na kujinyima raha nyepesi, na vitu rahisi vinavyotengenezwa kwa wingi ili kuwaliwaza watu wa miji ya viwanda, kama vile majalada ya magazeti, matangazo na sinema. Na kwa muda wa miaka ishirini na zaidi mpaka huo ukashikwa kama sheria. Wachoraji wa dhahania waliotawala New York baada ya Vita Vikuu vya Pili, watu wenye vipaji visivyokanika na ambao wengi wao walivumilia ufukara kwa ajili ya imani yao, waliushika pia. Basi Sidney Janis, mwenye nyumba ya maonyesho iliyowauzia kazi zao, alipowakusanya vijana wa mtindo mpya katika maonyesho ya mwaka 1962, Rosenquist akiwamo, wakubwa wanne, nao ni Mark Rothko, Robert Motherwell, Adolph Gottlieb na Philip Guston, waliihama nyumba ile kwa kupinga. Mwaka huo huo mhakiki Max Kozloff aliandika kuwalaumu vijana hao kwa utovu wa adabu ya sanaa. Haikuwa husuda tupu. Waliogopa kwamba mchoraji akikubali kuchora kopo la matunda vile vile kama muuza kopo anavyotaka lichorwe, amekwisha kuisalimisha hiari yake, na hiari ndiyo rasilimali pekee waliyoweza kujivunia. Hofu hiyo naiheshimu. Ninalokataa ni kwamba wameitupa juu ya mtu asiyestahili, na kwamba waliowafuata wameirithi bila kumtazama.

Rosenquist alizaliwa tarehe 29 Novemba 1933 katika mji wa Grand Forks, jimbo la North Dakota, katika nchi tambarare ya kaskazini ambako kitu chochote kilichosimama wima, ghala la nafaka au tangi la mafuta, huonekana kutoka mbali mno. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya Skandinavia, tena wapenzi wa kurusha ndege. Angali kijana alipata nafasi ya masomo mafupi katika shule ya sanaa ya Minneapolis, kisha akasoma katika Chuo Kikuu cha Minnesota kwa mchoraji Cameron Booth, na nyakati za likizo akazunguka majimbo ya jirani akipaka rangi maghala na matangi, na kuchora alama za kampuni ya mafuta ya Phillips 66. Mwaka 1955 alipewa ufadhili, akaenda New York kusoma katika Art Students League, na mmoja wa walimu aliowakuta huko ni George Grosz, Mjerumani yule aliyewachora majenerali na mabepari wa Berlin kwa ukali ambao ulimfikisha mahakamani katika nchi yake, hata akahamia Marekani Wanazi walipokuwa wakishika dola. Jambo hili wapinzani hawalitaji. Wao humwonyesha Rosenquist kama mtu aliyeteremka kutoka kwenye jukwaa la mabango hana elimu yoyote ila ya kuuza, ilhali alikuwa amesoma kwa mabingwa, na mmoja wa mabingwa hao alikuwa ameitumia picha maisha yake yote kama hati ya mashitaka.

Alipokosa njia nyingine ya kujikimu, mwaka 1957 akajiunga na chama cha wafanyakazi wa rangi, akaanza kuchora mabango Brooklyn, kisha akachukuliwa na kampuni ya Artkraft Strauss kuchora juu ya uwanja wa Times Square. Kazi yenyewe watu huidharau kwa kutoijua. Mchora mabango hupewa picha ndogo, akaipigia miraba, kisha akapandishwa kwa kamba juu ya jukwaa la mbao hadi kimo cha maghorofa, upepo ukimsukuma na ndoo za rangi ziko miguuni pake, akaanza kuujaza ukuta mraba baada ya mraba. Achorapo jicho la mwigizaji wa sinema, jicho hilo laweza kuwa kubwa kuliko mwili wake. Uso hauoni, pua haioni, haoni ila uwanda wa rangi ya waridi unaogeuka taratibu kuwa kijivu, na ni hesabu na mazoea tu yanayomhakikishia kwamba mpita njia aliye chini barabarani ataona mwanamke anayetabasamu. Rosenquist alichora chupa za pombe zenye kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, akairudia chupa ile ile mtaa baada ya mtaa, akachora nyuso za waigizaji wakubwa juu ya vichwa vya watu ambao hawakujua kwamba kuna mkono wa mwanadamu uliozichora. Mwaka 1960, baada ya wenzake wawili kuanguka kutoka jukwaani na kufa, aliiacha kazi hiyo, akapanga chumba mahali paitwapo Coenties Slip, karibu na gati za kale za Manhattan, ambako Ellsworth Kelly, Agnes Martin na Robert Indiana nao walikuwa na vyumba vyao vya kazi.

Sasa na tuikabili tuhuma yenyewe. Yasemwa kwamba alitoka jukwaani na bango lake mkononi, akalitundika ndani ya nyumba badala ya nje. Lau ingekuwa hivyo, ningewaunga mkono wapinzani bila kusita. Lakini tangazo lina sharti moja ambalo likivunjwa tangazo limekufa, nalo ni kwamba liseme jambo moja tu, na jambo hilo litambuliwe kwa kupepesa jicho, kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza. Rosenquist alilivunja sharti hilo tangu picha yake ya kwanza katika mtindo huu, iitwayo Zone, aliyoihangaikia katika miaka ya 1960 na 1961 akiipaka na kuipaka upya, ambayo ina uso wa mwanamke na nyanya iliyokuzwa kupita kiasi, vyote kwa rangi ya kijivu, vimekaribiana mno hata mtazamaji asipate mahali pa kusimama ili avione kwa starehe. Hakuna kampuni ya krimu wala ya nyanya ambayo ingelilipia bango hilo. Alichokichukua kutoka jukwaani ni siri aliyoijua yeye na wenzake wachache wa kazi ile: kwamba picha inayotuamuru kwa mbali, ukiisogelea haina amri yoyote, ni rangi tu, na kwamba uwezo wake wote umo katika umbali ambao muuzaji ametupangia. Akaufuta umbali huo. Akatulazimisha tusimame pale alipokuwa akisimama yeye, puani pa jitu, tuone jinsi tamaa yetu inavyotengenezwa.

Mwenye shaka na atazame picha iitwayo President Elect, aliyoianza mwaka 1960, uchaguzi ulipokuwa umepamba moto, na ambayo leo iko katika makumbusho ya Centre Pompidou huko Paris. Uso wa John Kennedy, ulionakiliwa kutoka kwenye bango la kampeni, unang'aa upande mmoja. Katikati ziko kucha za mwanamke na kipande cha keki kilichopauka. Na upande wa pili liko bawa la gari la Chevrolet pamoja na gurudumu lake, gari nusu, lililokatwa kabla halijatimia. Rosenquist alieleza kwamba lililomshughulisha ni watu wanaojitangaza wenyewe, akawa anauliza mtu kama huyo anaahidi nini hasa. Basi hili ndilo jibu lililochorwa: keki isiyo na rangi ya kuliwa, na gari lisiloweza kwenda. Na atanabahi msomaji kwamba alichora hivyo wakati ambapo wasomi wa New York, aghalabu yao, walikuwa wamelewa matumaini kwa ajili ya kiongozi yule kijana. Mtu anayetuhumiwa kuyapigia matangazo magoti ndiye aliyewahi kung'amua kwamba siasa yenyewe imekwisha kuwa tangazo.

Lakini ushahidi ulio mkubwa kupita wote ni F-111, na hapa sina budi kukaa kitambo, kwa maana kila anayemlaumu Rosenquist huipita picha hii mbio. Aliichora katika miaka ya 1964 na 1965, ikaonyeshwa mwaka huo wa 1965 katika nyumba ya maonyesho ya Leo Castelli. Ina kimo cha futi 10 na urefu wa futi 86, imeundwa kwa vipande vingi vya turubai na vya bati la alumini, ikapimwa makusudi ili izizunguke kuta zote nne za chumba, hata anayeingia awe amezingirwa, na popote anapogeuza uso akutane na picha, na pale asipotazama bado aione kwa pembe ya jicho. Alisema kwamba fikira hiyo aliipata kwa kuyatazama maua ya maji ya Claude Monet, ambayo nayo humzunguka mtazamaji. Kinachopita kuta hizo zote, kutoka mkia hadi pua, ni ndege ya kivita ya F-111, ambayo wakati ule ilikuwa ingali ikijaribiwa, ikigharimu mamilioni ya dola za walipa kodi, huku vita vya Vietnam vikizidi kupamba moto. Na juu ya ubavu wa ndege hiyo vimepachikwa vitu vya nyumbani: tairi jipya la gari, keki iliyochomekwa vibendera vya vitamini, balbu tatu za umeme, mwavuli uliofunguliwa mbele ya wingu la bomu la atomiki, mpiga mbizi ambaye pumzi yake inapanda majini kwa umbo lile lile la wingu, na mwisho rundo la tambi za kopo, nyekundu kwa mchuzi, chini ya pua ya ndege. Katikati yao ameketi mtoto wa kike mwenye nywele za dhahabu, anatabasamu, na kichwani amefunikwa kikausha nywele cha chuma kinachofanana kabisa na ncha ya kombora.

Wapinzani husema kwamba mtoto yule anapendeza, rangi zinapendeza, hata bomu linapendeza, na kwa hiyo picha imeyasifu maovu. Nasema wamekiona kitu na wakakosa maana yake. Ndege ile ilikuwa ikiundwa katika kiwanda cha Fort Worth, Texas, na sehemu zake nyingine huko Long Island, na maelfu ya baba na mama walikuwa wakirudi jioni kutoka viwandani humo na ujira wa halali, wakanunua tairi, keki na tambi, wakampeleka binti yao kutengenezwa nywele. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa muuaji, na mauti yalikuwa yakitengenezwa kwa mikono yao. Haya ndiyo Rosenquist aliyoyachora: uzuri wa maisha ya kawaida na chombo cha kuua vimeshonwa nguo moja, wala huwezi kuuchana uzi mmoja bila kuukuta mwingine. Lau angelichora maiti na moto, mtazamaji angelihuzunika, kisha akaenda zake akiamini kwamba mambo hayo ni ya watu wengine, wa mbali. Yeye akamchora mtoto wa mtazamaji. Na nani angeweza kulijua jambo hili kwa undani kuliko mtu aliyepata riziki yake kwa kukweza kwenye kuta za Brooklyn pombe ambayo hakuichagua, kwa faida ya watu ambao hakuwajua? Mchoraji aliyejitenga chumbani mwake na dhahania zake angelishutumu tu vita kutoka nje. Mchora mabango alivishutumu kutoka ndani, kama mshiriki, na shutuma ya mshiriki ina uzito ambao mtu msafi hawezi kuutoa.

Yako maneno mengine yanayorudiwa juu ya picha hii, nayo ni kwamba ilinunuliwa na Robert Scull, tajiri wa teksi, na kwamba mwaka 1986 ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2, basi kelele zake zote dhidi ya utajiri ni bure. Nia ya Rosenquist ilikuwa kuiuza kipande kimoja kimoja, ili kila mnunuzi arudi nyumbani na sehemu ya ndege ambayo kwa kodi yake alikuwa amekwisha kuinunua. Ni Scull aliyetaka yote. Hata hivyo hoja hii haifai kitu. Picha za Poussin na David nazo zilinunuliwa na watu wenye nacho, na Makumbusho ya Metropolitan ilipoionyesha F-111 mwaka 1968 miongoni mwa picha za mabwana hao, kama picha ya historia ya zama zake, wahakiki waliopiga kelele walilalamikia ujirani huo, wala hawakuwakatalia Poussin na David usanii kwa sababu ya mifuko ya wanunuzi wao. Anayetumia kipimo kimoja kwa wafu na kingine kwa walio hai amekwisha kuacha kuhakiki.

Husemwa tena kwamba hana moyo, kwamba ni mtu wa vitu na si wa watu. Wanaosema hivyo nawaelekeza kwenye Flamingo Capsule ya mwaka 1970, aliyoichora kuwakumbuka wanaanga watatu walioteketea ndani ya chombo cha Apollo mwaka 1967, ambamo hamna uso wala mwili, mna kitambaa cha bendera kinachojikunja na mifuko ya chakula inayoelea katika wekundu usiokuwa na mlango. Mwaka uliofuata yeye, mkewe na mwanawe walipata ajali mbaya ya gari huko Florida. Mke na mtoto wakalala muda mrefu bila fahamu, naye akabaki na madeni ya hospitali na miaka ya kazi iliyovurugika. Katika miaka hiyo hiyo ya dhiki alipata nafasi ya kwenda Washington pamoja na Robert Rauschenberg kudai mbele ya wabunge haki za wasanii wenzake. Na mwaka 1980 alipochora Star Thief, picha kubwa mno iliyokusudiwa kutundikwa katika uwanja wa ndege wa Miami, yenye uso wa mwanamke uliokatwa vipande na tabaka za nyama ya nguruwe zikielea kati ya nyota, Frank Borman, mwanaanga wa zamani aliyekuwa mkuu wa shirika la ndege la Eastern, aliipinga kwa kusema kwamba anga alilolizuru yeye halifanani na lile, na picha ikakataliwa. Mtumishi wa wafanyabiashara, ikiwa Rosenquist alikuwa ndiye, hakuelewana hata kidogo na mabwana zake.

Sisemi kwamba kila alichokifanya ni kamili. Katika miaka ya baadaye ukubwa wenyewe ulimpotosha mara nyingine, na ziko kazi zake ambamo rangi zinapiga kelele bila ya kuwa na la kusema; na jinsi alivyozikata nyuso za wanawake, midomo huku na kucha kule, akiziazima kutoka kwa matangazo yaliyokwisha kuwakata kabla yake, yaweza kulaumiwa kwa haki, kwa kuwa si kila mara alipoukata uso alitufumbulia jambo kuhusu ukataji. Lawama hizo ni za kazi moja moja, nazo zastahili kusikilizwa na kupimwa. Hukumu ninayoipinga ni ya jumla, nayo imesimama juu ya dharau ya ujira: juu ya imani kwamba mkono uliokodishwa umechafuka, na kwamba aliyepewa mshahara wa kuchora hawezi tena kuona. Kwa imani hiyo ingetubidi tumkane Michelangelo juu ya jukwaa lake chini ya dari ya papa, na mafundi wote walioyapamba makanisa na misikiti kwa malipo ya siku.

Rosenquist alifariki New York tarehe 31 Machi 2017. F-111 imo katika Museum of Modern Art ya mji huo tangu mwaka 1996, na mwaka 2012 iliwekwa tena chumbani ikizizunguka kuta nne kama ilivyokuwa kwa Castelli. Wanaoshikilia kwamba ni bango la matangazo lililoingizwa ndani wametakiwa jambo dogo: watutajie ni bidhaa gani inayouzwa na picha ile, ni nani anayeiuza, na ni mtu gani aliyepata kutoka katika chumba kile akiwa na hamu ya kuinunua.